Pikipiki Yenye Kiti cha Kinyozi

Kitendawili kilichoushinda mtaa mzima kilikuwa na magurudumu mawili, na kililetwa kikisukumwa kwa mkono Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wanafagia milango yao. Mbele kilikuwa pikipiki ya mashindano, nyekundu, pua imechongoka kama nyigu. Nyuma kilikuwa kiti cha kinyozi, chenye egemeo refu, mahali pawili pa kuwekea viwiko, na mkanda wa gari wa kumfunga anayekaa.

Aliyeisukuma alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu mwembamba ambaye hata akioga hubaki na doa jeupe nyuma ya sikio. Fundi pikipiki, ambaye mtaani walimwita Spana, alitembea pembeni akikishikilia kiti kisiyumbe.

"Jamani, naomba kuuliza," alisema jirani mmoja, ufagio mkononi. "Anayekaa hapo nyuma ananyolewa njiani, au anasubiri mpaka afike?"

"Anayekaa hapo ni mke wangu," mpaka rangi alijibu. Hakukasirika, kwa sababu alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa.

"Basi mwenzetu umeoa malkia."

"Nimeoa, ndiyo."

Mke mwenyewe alikuwa mshonaji. Alitoka na tepu ya kupimia shingoni, akasimama mlangoni akaitazama ile pikipiki kuanzia mbele kwenda nyuma, kisha kuanzia nyuma kuja mbele, kama mtu aliyeletewa gauni lenye mikono mitatu na kuambiwa ni lake. Mume alimsubiri aseme. Mtaa nao ukamsubiri.

"Mkanda ni wa nini?" aliuliza.

"Wa kukufunga. Usidondoke."

"Ahaa."

Akarudi ndani, na cherehani ikaanza kulia. Mpaka rangi akamgeukia Spana. "Amependa?"

"Mimi nasoma injini, mzee," Spana alisema. "Hiyo 'ahaa' peleka kwa fundi mwingine."

*

Mshonaji alikuwa anaumwa figo. Mara tatu kwa wiki ilimbidi alale kwenye mashine ya kusafisha damu, hospitali iliyo ng'ambo ya pili ya mji, na mashine ile haina subira: ukichelewa zamu yako, anaingia mwingine. Teksi ilikuwa inakula kila alichopata mume kwa brashi yake. Basi la asubuhi lilikuwa la kusimama na kusukumana, na mkono wake wa kuchomwa sindano haukutakiwa kuguswa na mtu. Ndipo mpaka rangi aliponunua ile pikipiki kwa kijana mmoja aliyeanguka nayo mtaroni wiki ya kwanza na hakutaka kuiona tena. Iliuzwa kwa bei ya kutupa. Nani angeitaka? Haibebi gunia, haibebi kreti, na abiria wake anakaa juu kabisa, kwenye kijikiti cha ukubwa wa sahani, magoti yakimkaribia kifua.

Kumbe mshonaji alikaa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, helmeti kichwani, sketi yake ameigeuza suruali kwa mkono wake mwenyewe, alipanda kule juu akamkumbatia mumewe kiunoni. Wakikata kona, wanalala pamoja. Wasichana wa kituo cha mafuta wakawa wanampungia. Wateja wakaanza kumwita Mama Spoti, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, maana mtu anayekwenda kwa namna ile anaonekana anakwenda kustarehe.

Halafu siku moja, wakirudi, helmeti yake iligonga mgongo wa mume. Ikagonga tena. Mpaka rangi alisimama pembeni, akamteremsha. Midomo ya mkewe ilikuwa imekauka na macho hayakutulia mahali pamoja.

"Ni kizunguzungu tu cha mashine," mshonaji alisema. "Kinapita. Niache nikae kidogo."

Kilipita kweli. Lakini mume hakikumpita. Kesho yake alikuwa karakana.

"Nataka asianguke," alimwambia Spana.

"Hii imetengenezwa kwa mtu wa kukimbia, mzee. Wewe unataka ya mtu wa kukaa."

"Ndiyo."

"Si ungenunua kochi?"

"Spana, sitanii."

Spana akaacha utani, akavua saa. Walianza na usukani. Ule wa chini, uliomfanya dereva ainame kama anayetafuta sindano sakafuni, ukatoka, ukawekwa wa juu, wa pikipiki ya mizigo. Usukani mpya ukawa unagonga makava ya plastiki ya mbele kila ukigeuzwa, basi makava wakayakata kwa msumeno. Spoketi ya nyuma wakaweka kubwa, ili pikipiki iweze kutambaa bila kuzimika. Shokapu ngumu ikatoka, ikaingia laini. Mwisho kijikiti kikafunguliwa, chuma kikachomelewa, na juu yake kikakaa kiti kilichonunuliwa kwa kinyozi aliyefunga duka.

"Na hivi vya zamani?" mpaka rangi aliuliza, akitazama rundo lililokuwa chini.

"Vya zamani ni vya fundi. Si unajua utaratibu?"

Aliujua. Karakana zote za pale zilifanya hivyo: kinachofunguliwa hakirudi nyumbani, na kwa ajili hiyo malipo ya ufundi yanapunguzwa. "Chukua," alisema. "Mimi vya nini tena?"

*

Jumatatu mshonaji alipanda. Mume alimfunga mkanda, akauvuta kuhakikisha, akauvuta tena. Walikwenda polepole sana. Magari yaliwapita, mabasi yaliwapita, hata baiskeli iliyobeba trei za mayai iliwapita na mwenye mayai akageuka kutazama. Mshonaji alikuwa amekaa wima, viwiko vimelala pembeni, na mgongo wa mumewe ulikuwa mbali, haufikiki.

"Uko sawa?" mpaka rangi aliuliza kwa sauti kila kona.

"Niko."

"Uko sawa huko?"

"Niko, baba. Tazama mbele."

Wasichana wa kituo cha mafuta walisimama, lakini hawakupunga. Mmoja alishika shavu. Mwanamke fulani aliyekuwa anavuka barabara alirudi nyuma akawapisha, akainamisha kichwa kama anavyolipisha jeneza mtu mwenye adabu.

Langoni mwa hospitali kulikuwa na mhudumu ambaye miezi yote ile alimwona mshonaji akiingia kwa miguu yake. Alipokiona kile kiti na mkanda, akakimbia kuleta kiti cha magurudumu.

"Pole sana. Amezidiwa lini?" alimuuliza mume.

"Hajazidiwa," mpaka rangi alisema, lakini moyo wake ulifurahi kuona wamepokewa namna ile. "Ila lete tu, lete. Tusimchoshe."

"Nina miguu," mshonaji alisema.

"Miguu unayo, mama, lakini ya nini kuitumia kama kiti kipo?"

Wakamkalisha. Wakamsukuma mbele ya benchi la wenzake wa zamu, watu anaotaniana nao kila siku. Mzee muuza magazeti, ambaye huwa anamwita mchumba, alikunja miguu kumpisha, akaangalia dirishani. Mshonaji alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, kama abiria asiyejua kituo chake ni kipi.

Wakati wa kurudi mume alisema, "Umeona walivyotupokea leo?"

"Nimeona," mke alijibu.

Jumatano hakwenda.

*

Alisema ana gauni la harusi la kumaliza. Mpaka rangi alisimama mlangoni, helmeti mbili mikononi.

"Gauni linasubiri, mama. Mashine haisubiri."

"Mwenye harusi naye hasubiri. Kamuulize."

"Unaumwa mahali?"

"Siumwi."

"Kiti kinakuumiza?"

"Kiti kizuri."

Mtu akikuambia kitu ni kizuri na hakitumii, unafanya nini? Mpaka rangi alikwenda karakana. Alifikiri labda ni jua. Spana akachomelea bomba, wakafunga mwavuli wa muuza maji ya baridi, bluu na nyeupe. Kisha akafikiri labda ni mgongo, akanunua mto. Pikipiki iliporudi mtaani, yule jirani wa ufagio aliizunguka tu, akatikisa kichwa, akaingia kwake.

Binti yao, aliyekuwa anakata tiketi kituo cha mabasi, alikuja mchana akiwa na sare yake. Alimkuta baba amekaa nje, anatazama mwavuli.

"Baba, mama amekwenda?"

"Hajakwenda."

"Kwa nini?"

"Kiti kizuri, jua halipo, mto upo. Mimi sijui, mwanangu. Labda wewe mwanamke mwenzake utajua."

Binti aliingia. Ndani kulisikika sauti zikipanda na kushuka, kisha cherehani ikazifunika zote. Akatoka. "Anasema yuko na kazi," alisema. "Miguu yake umeiona, Baba? Viatu haviingii. Amevaa ndala zako."

Alikuwa hajaiona. Alikuwa anatazama pikipiki.

Jioni, wakila, alijaribu kumsogelea mkewe kwa upole. Mshonaji naye alijaribu kumwambia, lakini kwa njia yake, maana tangu utotoni jambo zito alilitanguliza kwa kitendawili.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nilikuwa na miguu miwili. Nikanunuliwa kiti, sasa sina hata mmoja."

Mpaka rangi alitafuna akifikiri. "Meza?"

"Meza ina miguu minne."

"Basi nyoka."

"Nyoka amenunuliwa kiti na nani?"

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua mji wowote unaoutaka, mama watoto. Chukua miwili. Lakini Ijumaa twende."

"Mji wako sijaupenda," mshonaji alisema, akaanza kukusanya vyombo, na jibu akabaki nalo.

*

Ijumaa pia hakwenda. Muuguzi akampigia simu binti, kwa kuwa namba ya binti ndiyo iliyoandikwa kule. Alisema maji yakijaa mwilini yanapanda mpaka kwenye mapafu, na yakifika huko si mambo ya kungoja. Alisema kuna mgonjwa amesafiri, ameacha nafasi ya Jumamosi asubuhi. Akichelewa hiyo, hakuna nyingine mpaka Jumatatu, na yeye hapendi kufikiria habari za Jumatatu.

Mpaka rangi aliambiwa hayo akiwa nje, anakaza skrubu ya mwavuli iliyokuwa imekazwa tayari. Mikono ilikuwa inakaza tu. Wakati huo akaja mteja, mama wa yule mwenye harusi, mwanamke mwenye manukato mengi na sauti ya huruma. Aliipita pikipiki kwa ubavu ubavu, akaugusa mkanda kwa ncha ya kidole.

"Ndicho hiki kiti cha kumfungia?"

"Ndicho," mpaka rangi alisema.

"Maskini. Mungu atamsaidia."

Akaingia. Mlango ulikuwa wazi na maneno yalitoka yenyewe.

"Nimekuja kuchukua kitambaa, shoga yangu. Si kwa ubaya."

"Nimeshakata. Nimeshashona. Imebaki mikono tu."

"Mikono nitapeleka kwingine. Nilikuona Jumatatu barabarani, jamani, machozi yalinitoka. Nikasema, kumbe mtu amefikia hali hii, na mimi nimemtwika kazi."

"Hali gani?"

"Wewe pumzika tu."

"Mbona Jumapili ulinikuta nakata, ukacheka nami mpaka ukakohoa?"

"Pumzika, mama."

Mshonaji alikunja lile gauni vizuri, karatasi kati ya mkunjo na mkunjo lisipate alama, akalitia mfukoni, akamkabidhi. Mteja akataka kulipa kazi yote kana kwamba imekwisha. Mshonaji akakataa, akachukua kwa yaliyofanyika tu.

Mpaka rangi aliingia bisibisi mkononi. "Amekwenda na gauni?"

"Amekwenda nalo."

"Hana adabu."

"Ana adabu sana. Amesoma kilichoandikwa."

"Kimeandikwa wapi?"

"Hapo nje. Kina magurudumu mawili na mwavuli."

Mume aligeuka akaitazama pikipiki kupitia mlangoni, kama ndiyo kwanza anaiona. Mshonaji alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi.

"Ugonjwa wangu ulikuwa wangu," alisema. "Tunaujua mimi, wewe, mtoto na daktari. Umeuchukua ukaupakia kwenye pikipiki, ukaufunga mkanda, ukaupitisha mjini polepole ili kila mtu auone vizuri. Leo mteja wa kwanza. Kesho watakuja wote, mmoja mmoja, kunihurumia. Nikishamaliza kuhurumiwa nitakula nini?"

"Nilikuwa naogopa utaanguka."

"Najua."

"Ulinigonga mgongoni. Nilidhani umekufa hapo hapo juu."

"Najua. Na mimi niliogopa."

"Sasa nifanye nini?" Alikaa chini, mgongo ukutani, bisibisi bado mkononi. "Nikiweka kiti, hupandi. Nikikitoa, unaanguka. Nimechanganyikiwa, mama. Haki ya Mungu, sielewi ninachotakiwa kufanya."

"Hata mimi sielewi," mshonaji alisema. "Najua nisichokitaka tu. Nikikijua ninachokitaka nitakwambia."

Mshonaji akavuta tepu kutoka shingoni. "Simama," alisema.

"Nini tena?"

"Simama nikupime. Na ule mkanda wa gari kaniletee."

*

Kukifungua kile kiti cha kinyozi kulikuwa kazi rahisi kuliko kukifunga. Mpaka rangi alikipeleka karakana begani, na mwavuli kwapani, watu wakimpisha njia.

"Nirudishie kijikiti changu," alimwambia Spana.

"Kipi?"

"Kile cha sahani."

Spana alijikuna shingo. "Mzee, kile kiko kwa muuza nyama. Alitaka pikipiki yake ya kubebea ng'ombe ipendeze. Usukani wako ameuchukua mtu mwingine, sijui hata anakaa wapi. Si ulisema vya nini?"

"Nilisema."

"Mafundi tunasikiliza mnachosema."

Muuza nyama alikuwa mtu mnene, aproni mpaka magotini. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa mbele ya bucha, na kweli, nyuma ya tangi lake kuukuu kulikuwa na kijikiti chekundu kimechomoza kama mkia wa jogoo. Mpaka rangi alimweleza anachotaka, na muuza nyama akamsikiliza huku anakata mfupa.

"Yaani ulikitoa mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mke wako."

"Ndiyo."

"Na sasa unakitaka, kwa ajili ya mke wako."

"Ndiyo, kaka."

"Ni mke yule yule?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mpaka rangi aliinamisha kichwa akasubiri kicheko kiishe, kama mtu anayengoja mvua chini ya paa la jirani. "Ni yule yule," alisema.

"Mimi siwezi kukitoa. Urembo wangu ndio huo."

Mke wa muuza nyama alitokea nyuma ya pazia, kisu mkononi. "Urembo gani? Tangu uweke hicho kidude nimepanda mara ngapi? Mgongo unaniuma mpaka leo. Na hicho ulichobeba begani ni kitu gani, shemeji?"

Mpaka rangi alikitua sakafuni. Mwanamke aliweka kisu, akafuta mikono, akakaa. Akaegemea. Akaweka viwiko mahali pa viwiko, akafumba macho katikati ya bucha, mapaja ya ng'ombe yakining'inia huku na huku.

"Hiki hakitoki hapa," alisema bila kufumbua macho. "Mpe mtu kiti chake."

Muuza nyama alimtazama mpaka rangi. "Wewe umewaelewa hawa?"

"Mimi usiniulize," mpaka rangi alisema.

*

Jumamosi asubuhi binti alifika na teksi, injini ikinguruma. Mama yake alikuwa ameshavaa suruali. Miguu ilikuwa imevimba, akaipitisha kwenye ndala za mume akazifunga kwa utepe zisivuke.

"Mama, panda gari. Nimeshalipa."

"Mwambie dereva aje kunichukua mchana, nikitoka. Mchana nakuwa na kizunguzungu, nitapanda. Sasa hivi sina."

"Unahema, Mama."

"Nahema kwa sababu unanigombeza."

"Baba, sema kitu."

Mpaka rangi alikuwa amevaa koti lake la kazi, lakini halikuwa tena koti la kazi. Kiunoni, kulia na kushoto, mshonaji alikuwa ameshona vishikio viwili vya mkanda wa gari, uzi mara nne, vya kushikwa na anayekaa nyuma. Alisimama navyo kama chungu chenye masikio.

"Mimi nimeambiwa nivae nikavaa," alisema.

"Kwa hiyo anayefungwa ni yeye," mshonaji alimwambia binti. "Yeye ndiye mwenye hofu. Nishikie helmeti."

Binti alishika. Machozi yalimlenga, na wakati huo huo alitaka kucheka, akashindwa kuchagua. Mama yake alipanda kule juu kwa kuvutwa na kusukumwa, akatulia kidogo pumzi irudi, akavikamata vile vishikio.

Pikipiki yenyewe ilikuwa haieleweki. Kiti cha nyuma kilikuwa cha mashindano. Usukani ulikuwa wa mizigo, kwa sababu wa zamani ulikuwa umekwisha kuuzwa. Ubavuni makava yalionyesha meno ya msumeno, na chuma cha kuchomelea kilichobaki nyuma kilikuwa hakina kazi, hakishikilii chochote. Lakini ilikwenda. Mpaka rangi alihisi kiunoni uzito wa mkewe ukimvuta kidogo kila kona, na kila ulipomvuta alijua yuko macho.

Kwenye makutano ya barabara kuu, askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono. Aliizunguka pikipiki mara mbili. Akaomba kadi, akaisoma, akaitazama pikipiki, akaisoma tena.

"Kadi inasema hii ni ya mashindano."

"Ndiyo, afande."

"Usukani wa mizigo."

"Ndiyo, afande."

"Ubavuni imeliwa na nini?"

"Msumeno, afande."

"Na wewe mwenyewe una vishikio."

"Ni vya mke wangu."

Askari alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa. "Sasa nikiandika, niandike nimekamata kitu gani?"

"Hata mimi sina hakika," mpaka rangi alisema, na alikuwa anasema kweli.

"Egesha pembeni. Mkubwa wangu yuko njiani, atakuja aitazame."

Mpaka rangi aliegesha. Juu ya jengo la benki kulikuwa na saa kubwa, na mkono wake mrefu ulikuwa unasogea. Alilijua neno linalofungua barabara yoyote. Nina mgonjwa. Ni maneno mawili tu, na askari gani angebaki amesimama? Yalimjia mpaka kwenye meno. Alifungua kinywa. Kiunoni alihisi vishikio vikipanda na kushuka, kwa ile pumzi fupi ya mkewe. Akafunga kinywa. Hakujua kama anachofanya ni kumheshimu au ni kumuua. Alitazama lami mbele yake, jasho likimtiririka ndani ya koti, akauacha mkono wa saa usogee.

"Afande," sauti ilisema kutoka juu.

"Naam, mama."

"Nina ugonjwa wa figo. Kuna mashine ya damu inanisubiri, na nikichelewa anapewa mwingine. Nimeshakosa mara mbili, na sina mara ya tatu."

Askari aliinua uso. Alimwona mwanamke mwenye helmeti na suruali iliyokatwa vizuri, mgongo umenyooka, amekaa juu kuliko watu wote waliokuwa pale barabarani.

"Mbona huonekani mgonjwa?"

"Ndiyo maana nimekwambia," mshonaji alisema.

Askari alimrudishia mpaka rangi kadi yake, akaenda katikati ya makutano, akayasimamisha magari ya pande zote.